Goti Lisilo na Mvumbuzi

Tarehe 12 Januari

Mpwa wangu Bisibisi,

Leo ni tarehe kumi na mbili Januari, na huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke huko. Nilipoondoka ulikuwa mtoto wa kukalishwa juu ya meza ya karakana ili usikanyage misumari, na ulikuwa hukubali kutulia mpaka upewe bisibisi uichezee, ndiyo maana jina likakuganda. Sasa karakana ni yako, na mimi ni mzee anayeishi ghorofa ya pili juu ya duka la dobi, ambaye nguo zake zinanukia sabuni hata asipofua.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ndani yake mna kile chuma cha goti la mguu wa bandia ulichonitumia. Nimekipiga tupa begani, pale kinapotokeza juu ya pini, upande wa kisigino, wala sitakueleza kwa nini. Utaratibu wetu unaujua: fundi hamsahihishi mwenzake kwa mdomo. Anakigeuza kitu, anakipiga tupa, anakirudisha, na mwenzake akikishika anaelewa au haelewi. Marehemu babu yako alinisahihisha hivyo miaka yote. Hakuwahi kuniambia "umekosea". Nilitamani sana aniambie, walau ningepata nafasi ya kumjibu.

Nitakuambia tu nilivyokijaribu. Nilikunja mguu wangu nyuma, nikaufunga kwa ukanda, nikavaa mguu wa bandia chini yake, nikashika chuma cha ukutani na kushuka ule mteremko wa hospitali wanaopitishia vitanda. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, umeumia?" Nikamwambia hapana, najifunza kutembea. Akasema, "Kwa umri huo?" Tukacheka sote. Wananivumilia kwa sababu nilitengeneza viti vyao vya magurudumu hadi nilipostaafu.

Unajua kwa nini mteremko unanisumbua. Kwenye tambarare mguu wowote unatembea. Ni pale mtu anapoteremka ndipo goti la bandia linapokunjika ghafla na kumtupa chini. Watu tuliowatengenezea miguu wakati ule wa vurugu walikuwa wanashuka kila mteremko kwa makalio, watu wazima, mbele ya watoto wao. Sijaacha kuwaona.

Habari yangu nyingine ni fupi. Kibali kimetoka. Ninaweza kurudi. Nimekisoma mara kadhaa nikitafuta neno "lakini" na sijalipata. Niambie kama meza ya dirishani ina mtu. Msalimie Mwenzetu, hiyo programu yenu ya akili mnemba. Natumaini haili sana.

Usinipigie simu. Nimebakiwa na sikio moja, na hilo moja nalo linachagua la kusikia.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Chuma kimefika. Nilikishika, nikaelewa: uzito ukikaa kisigino, bega linabana na goti halikunjiki. Nilipiga kelele mpaka mafundi wakadhani nimejikata.

Ila kulikuwa na jambo. Nilimfungia yule Bibi Mshonaji wa jirani, unamkumbuka kwa barua zangu, mwenye mguu mmoja na ndimi mbili. Akashuka mteremko wa soko kama malkia. Alipofika chini goti likakataa kukunjika. Akasimama pale hawezi kwenda mbele wala kurudi, akanipazia sauti mbele ya soko zima: "Wewe mtoto, umenitengenezea mguu au nguzo ya umeme?"

Basi nikakipima chuma chako kwa kamera, pande zote, nikampa Mwenzetu vipimo na kumuuliza: bega libaki hivi hivi, goti lifunguke vipi? Akatoa michoro mingi ya ovyo. Mingine ingefaa mlango wa choo. Halafu mmoja ukanisimamisha. Pini haikai kwenye tundu tena, inatembea ndani ya mfuo, kijifereji kilichochongwa kwenye chuma, uliopinda. Uzito ukiwa kisigino pini imebanwa. Uzito ukihamia vidoleni pini inateleza na goti linajifungua lenyewe. Tukachonga. Mjomba, Bibi Mshonaji ameshuka soko zima bila kushika kitu, akapanda, akashuka tena, akakataa kuuvua mguu. Ilibidi tumwachie.

Tumeomba hataza, ili goti lilindwe kisheria. Kuna wakili kijana anayetusimamia. Na wageni wamekuwa wengi sana, wenye kamera na wenye maswali. Juzi mmoja alinisimamisha kando ya kompyuta na kuniambia nitabasamu, tukapigwa picha kama bwana na bibi harusi.

Kuhusu kuja, nimefurahi mno, ila ngoja kidogo. Chumba chako kinapigwa plasta na vumbi lake litakumaliza kifua. Tuseme hadi Julai. Meza ya dirishani haina mtu.

Mpwa wako,
Bisibisi

*

Tarehe 15 Machi

Bisibisi mwanangu,

Nimeutazama mchoro wa mfuo ule kwa siku kadhaa. Niliuchora kwenye ubao wa kukatia vitunguu kisha nikaukata kwenye mbao ili kidole changu kipite ndani yake. Nakuambia ukweli: nisingeufikia. Mimi ningetafuta springi. Fundi yeyote niliyemjua angetafuta springi. Hiyo mashine haikuzoeshwa kupenda springi kama sisi, ikapita pale ambapo hatukuwa tunatazama. Sina wivu, au ninao kidogo, wa aina inayomfanya mtu asahau chai mpaka ipoe.

Sikuelewa hao wenye kamera wanataka nini. Tumetengeneza miguu mizuri siku nyingi na hakuja hata mmoja. Au ni Bibi Mshonaji anayewavutia?

Nina swali moja dogo. Nijuavyo, fomu ya hataza ina mahali pa kuandika mvumbuzi. Mmeandika nani? Nauliza kwa kucheka, kwa sababu nakumbuka mwiko wa karakana. Hakuna fundi aliyewahi kutia jina lake kwenye mguu. Babu yako alisema mguu ni wa anayeukanyagia. Kwa hiyo najaribu kuwaza mlivyokaa mbele ya fomu ile, mafundi wazima, kila mmoja akimsukumia mwenzake kalamu.

Julai ni sawa. Nimeshamwambia dobi, na mke wake amelia kidogo, jambo ambalo sikulitegemea.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kwa haraka. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya ofisi ya hataza. Mahali pa mvumbuzi tumekuandika wewe, peke yako. Tumekaa na mafundi wote na kuona heshima iende kwa mwenyewe. Umekaa ugenini maisha yako yote, angalau kuwe na mahali palipoandikwa jina lako.

Kuna karatasi ya pili ya kuihamishia karakana haki hiyo. Tia saini zote mbili, mbele ya shahidi yeyote, hata huyo dobi. Usijisumbue kusoma yote, ni maneno ya wanasheria, yanazunguka tu. Zirudi kabla ya mwisho wa Mei, tafadhali sana.

Plasta inaendelea.

Bisibisi

*

Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa papo hapo, watu wakawa wanapita na vikapu vya nguo juu ya kichwa changu. Sikujua kwamba nilikuwa naisubiri. Mtu anajiambia miaka yote kwamba hajali, tena kwa kiburi, kisha anaona jina lake limepigwa chapa kwenye mstari mmoja na analisoma tena na tena. Sijaona jina langu kamili kwenye karatasi ya huko tangu lilipokuwa kwenye orodha ya wanaotafutwa, ambayo haikuwa ya kuniheshimu.

Asante. Wape mafundi asante yangu, kila mmoja.

Ila sijatia saini. Usikasirike. Kalamu nilikuwa nayo na dobi alishanawa mikono tayari kuwa shahidi. Karatasi inasema mimi ndiye niliyelibuni goti "lote na kila sehemu yake". Bega ni langu, sikatai. Mfuo si wangu. Wewe ndiye uliyeuliza swali, na Mwenzetu ndiye aliyetoa jibu. Nikiapa kwamba niliubuni mimi, nitakuwa nimeanza urejeo wangu kwa uongo, na uongo wenyewe kwenye chuma, mahali pekee ambapo sijawahi kudanganya.

Nadhani kuna namna ya kuandika ukweli wote. Nimemwandikia wakili wenu nikamuuliza kama wewe na mimi tunaweza kuwa pamoja, na mfuo uelezwe ulivyopatikana. Nilipata anwani yake juu ya karatasi ulizotuma. Usijali, nimemuuliza kwa adabu.

Mjomba wako

*

Tarehe 12 Mei

Mheshimiwa Mzee,

Nimepokea barua yako na nashukuru kwa uungwana wake. Nitajibu maswali yako kwa mpangilio.

Sheria ilivyo sasa haiitambui akili mnemba kuwa mvumbuzi. Mvumbuzi sharti awe mtu. Ndiyo sababu ombi letu la Februari lilikataliwa. Kama ujuavyo, ombi lile liliitaja programu kuwa mvumbuzi pekee, likaambatana na kiapo cha mpwa wako kwamba hakuna binadamu yeyote, ndani au nje ya karakana, aliyechangia wazo la goti hilo. Nakiri kwamba mimi na wakubwa wangu tulilipenda ombi hilo. Lingekuwa la kwanza kukubaliwa, na waandishi wa habari walilifuata kwa hamu. Kampuni ya vifaa vya hospitali iliyotaka kushirikiana na karakana ilivutiwa na jambo hilohilo.

Baada ya kukataliwa, njia iliyobaki ni kumtaja mtu. Mpwa wako hawezi kujitaja mwenyewe kwa kuwa ameshaapa kwamba hakubuni. Mafundi wake vivyo hivyo, walitia saini kiapo hicho. Umebaki wewe ambaye hukuapa, na kuhusu wewe wao wanaweza kusema kwamba walipitiwa. Kumtaja pamoja nawe, au kueleza mchango wa programu, kutafufua kiapo cha kwanza na kuliangusha ombi.

Kwa sababu hiyo pia nilishauri usisafiri kabla ya ofisi kutoa uamuzi, ili usiitwe kuulizwa kwa nini hukutajwa mwanzoni. Mpwa wako alinihakikishia kwamba unalifahamu hilo na kwamba umeridhia.

Mguu wenyewe ni mzuri. Nimemwona yule mama akishuka.

Wako mtiifu,
Wakili

*

Tarehe 26 Mei

Bisibisi,

Wakili wako ni mtu mkweli, hujamchagua vizuri.

Kwa hiyo hakuna plasta.

Nilikuuliza mwezi Machi mmeandika nani, nikauliza kwa kucheka, na wewe ulikuwa umeshaapa. Uliapa Februari, mwezi uleule ulipokishika chuma changu ukapiga kelele hadi mafundi wakadhani umejikata. Kelele hizo uliniandikia mimi. Kwa ofisi ya hataza uliandika kwamba hakukuwa na mtu.

Sasa nieleweshe, maana nimezeeka. Mara ya kwanza uliapa kwamba sikuwepo kabisa. Mara ya pili unataka niape kwamba nilikuwepo peke yangu. Katika viapo viwili hivyo hakuna hata kimoja chenye nafasi ya mjomba aliyeketi juu ya duka la dobi na tupa mkononi, akikutumia ulichomwomba.

Nimewaza sana ile barua ya Aprili. "Heshima iende kwa mwenyewe." Niliikariri. Niliwasomea watu wa hapa, nikiwatafsiria neno kwa neno, na mke wa dobi akanishika mkono.

Usinijibu haraka. Jibu la haraka nimeshalipata.

Mjomba

*

Tarehe 14 Juni

Mjomba,

Sijaandika shikamoo kwa sababu najua hutaipokea.

Umesema nisijibu haraka, nimekaa wiki nzima. Sitakuomba radhi kwanza, nitasema kwanza, halafu utaamua kama radhi inakufaa.

Nilipokaa mbele ya ile fomu ningeandika nini? Ninyi ndio mliotufundisha tusitie majina. Chuma chako kilikuja hakina neno hata moja. "Wala sitakueleza kwa nini," ndivyo ulivyoandika. Wakili aliniuliza, kuna mtu alikupa maelekezo? Nikawaza, maelekezo gani? Chuma kiliongea? Nikasema hakuna. Wakati natamka haikuonekana uongo. Ilionekana kama desturi yetu.

Lakini hilo si lote, na wewe utalijua hata nikilificha, kwa hiyo chukua.

Nimeishika karakana hii tangu mama afariki. Nimekamatwa kwayo, nimekatiwa umeme kwayo, sikuolewa kwa ajili yake. Na kila mtu akishika mguu niliotengeneza anauliza, "Huyu si ndiye mpwa wa yule fundi aliyeondoka?" Wateja wazee wananiuliza unarudi lini, kana kwamba mimi nimekaa hapa kukushikia kiti. Bibi Mshonaji mwenyewe, siku aliyoshuka soko, watu wanapiga makofi, akasema, "Damu ya mjomba wake hiyo!" Mimi nimesimama pale na grisi hadi viwikoni.

Ukiandikwa wewe, mimi ni mpwa wa fundi. Ikiandikwa mashine, mimi ndiye mwenye mashine. Mashine hairudi nyumbani ikakaa meza ya dirishani, na hakuna anayeiulizia.

Nimelisema. Sasa nakuomba. Tia saini, ulivyo na hasira hivyohivyo. Bila saini yako ombi linakufa, na kwa kuwa michoro imeshatangazwa, kila mwenye tupa atalichonga goti letu atakavyo. Kampuni itaondoka. Saini, kisha uje, tugombane hapa ana kwa ana kama watu wa nyumba moja. Chumba kipo. Kweli nakipiga plasta sasa, nimeanza jana kwa mikono yangu.

Nimewaambia majirani uko njiani.

Bisibisi

*

Tarehe 3 Julai

Bisibisi,

Nimeisoma barua yako vizuri. Hii ya mwisho ni bora kuliko zote ulizoniandikia mwaka huu, na ningeipata Januari ningekutumia kila chuma nilicho nacho na kukwambia andika jina lako, mimi sihitaji. Sikukusikia ukiniomba. Ningekupa, Bisibisi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kiapo, kwamba ulikwenda kuniibia kitu ambacho ungeomba tu.

Nimekuwa nikienda maktaba kusoma wanavyobishana kuhusu mashine na hataza. Wapo wanaosema anayetoa jibu ndiye mvumbuzi, awe nyama au waya. Wengine wanasema mashine ni tupa tu, ndefu kidogo. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Mwenzetu aliupata mfuo, na anayesema ni tupa hajawahi kushika tupa. Ila nimeelewa kwa nini sheria inamtaka mtu. Jina kwenye mstari ule halikuwekwa kwa ajili ya sifa peke yake. Limewekwa ili awepo wa kuulizwa. Goti likimwangusha mtu barabarani, kuwe na mlango wa kubishwa hodi na mtu wa kutoka akiwa amefedheheka. Mwenzetu hawezi kufedheheka. Ndiyo sababu alikufaa.

Unasema kiapo kilionekana kama desturi yetu. Hapana. Sisi hatukutia majina kwa sababu ndani ya chumba kile kila mmoja alijua mkono wa mwenzake. Babu yako alitambua tupa yangu gizani. Ukimya ule ulikuwa wa watu wanaojuana. Wewe uliubeba ukaupeleka kwa wasiotujua, ukautumia kuthibitisha kwamba hatukuwepo.

Sikutia saini. Nimeiandikia ofisi ya hataza maelezo yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, mbele ya shahidi. Nimesema bega ni kazi yangu. Nimesema swali ni lako, na mfuo ulitolewa na programu, nikaeleza kwamba mimi nisingeubuni. Nimemtaja Bibi Mshonaji, kwa sababu asingekutukana mbele ya soko usingeuliza swali. Kuhusu kiapo chako sikuandika kitu. Wakisoma wataona wenyewe, na wewe utakuwepo wa kuulizwa.

Wakili amenijibu, kwa huzuni naona, kwamba ukurasa huo umelizika ombi. Goti litakuwa la yeyote mwenye tupa. Kampuni itakwenda zake. Najua nimekuumiza, na sitajidai kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya wanaoteremka milima, ingawa kuna wengine watalitengeneza na watu watashuka. Nilifanya kwa sababu uliniomba niape uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza, na ukaufunga uongo huo ndani ya heshima ambayo nilikuwa nimeingoja kuliko nilivyojua.

Endelea na kazi. Mkono wako ni mzuri, na sasa nakuambia kwa maneno, kwa kuwa ile njia ya tupa imetuponza: mkono wako ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa katika umri huo. Hakuna atakayekuuliza tena kama unanishikia kiti.

Nilidhani kuna mahali huko ambapo mimi nilikuwa nahesabiwa hata nisipoonekana. Miaka yote hii niliishi kwa kuamini hivyo, na ilitosha. Siwezi kuja kukaa kwenye chumba nilichoapiwa kwamba sikuwahi kuwemo, nikala nawe asubuhi na jioni, na kila ukinyamaza nijiulize unanyamazia nini.

Kwa hiyo wapitie majirani uwaambie, wasiendelee kuulizia. Kibali nimekirudisha. Sitarudi.

Mjomba wako